Nani Anakaa Kwenye Kiti cha Kadhi?

Mwaka juzi mama yangu mdogo alishinda kesi katika mahakama ya kadhi, na tukarudi Uroa kama watu waliotoka mazikoni.

Tuliondoka nyumbani alfajiri, kwa gari ya kwanza. Zilikuwa siku za bamvua, maji yanakupwa hadi mbali, na hizo ndizo siku ambazo mkulima wa mwani hapendi kuzipoteza. Tukiwa kituoni tuliwaona wenzake wakishuka pwani na kamba na magunia yao. Mamdogo aliwatazama, akajiweka sawa buibui lake, akapanda gari. Mimi nilibeba bahasha: cheti cha ndoa, barua ya sheha, nakala za vitambulisho. Nilikuwa msomi wa familia, kwa hiyo nilitakiwa kumsomea kila karatasi kabla hajatia saini.

Mahakamani alipokewa na karani, mwanamke wa makamo. Walizungumza kwa sauti ya chini karibu nusu saa, na karani akaandika mistari michache tu. Tulipoingia kwa kadhi, shauri lilikuwa limeshapata jina: mume hatoi matunzo. Kadhi alikuwa mzee mpole, mwenye adabu. Aliuliza, mamdogo akajibu. Alimuuliza mume, mume akababaika. Safari ya tatu ya kuitwa, ndoa ikavunjwa. Haki ilitendeka, na sina neno baya juu ya mzee yule.

Tulipokwisha kuipita Dunga ndipo mamdogo aliposema: "Matunzo ningeyavumilia, mwanangu. Miaka tisa nimeyavumilia. Kesi nimeshinda, lakini si ile iliyonitoa nyumbani."

Nikamuuliza kwa nini hakuisema ile iliyomtoa nyumbani.

"Ningeanzaje? Yule mzee ni kama baba yangu."

Iliyomtoa nyumbani naijua. Sitaiandika hapa, maana ni yake.

Miezi michache baadaye, nikiwa katika mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, msimamizi wangu alinipa vitabu viwili nivisome kwa ajili ya tasnifu yangu, ambayo inahusu namna watu wanavyosimulia mambo yao mbele ya mahakama. Cha kwanza ni *Pronouncing and Persevering* cha Susan Hirsch, kilichotoka mwaka 1998, juu ya mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi. Cha pili ni *An Islamic Court in Context* cha Erin Stiles, kilichotoka mwaka 2009, juu ya mahakama ya kadhi ya Mkokotoni, hapa hapa Unguja. Nilivisoma mjini, usiku, sauti ya mamdogo ikiwa bado masikioni mwangu. Ni vitabu vizuri. Vimenifundisha mengi, na ndiyo sababu nina ugomvi navyo.

Jambo kubwa ambalo vitabu hivi vinalithibitisha lingewashangaza wengi nje ya pwani yetu. Wanaofungua mashauri katika mahakama za kadhi wengi wao ni wanawake, na mara nyingi wanapata wanachokidai. Msomaji aliyezoea kusikia kwamba sheria ya Kiislamu ni ukuta mbele ya mwanamke anakutana na picha nyingine kabisa. Anawaona wanawake wa kawaida, wakulima na wachuuzi, wanaojua kwamba wana haki ya kulishwa, kuvikwa na kukaa kwa wema, na wanaojua njia ya kufika mahakamani.

Hirsch anakwenda hatua zaidi. Jina la kitabu chake limebeba hoja yake: mwanamume hutamka, mwanamke huvumilia. Mume anaweza kuimaliza ndoa kwa neno moja la talaka, popote alipo. Mke anayetaka kutoka hana neno kama hilo, kwa hiyo lazima asimulie. Na kusimulia ndiko kwenye mtego, maana mwanamke mwenye heshima kwetu ni yule anayefunika mambo ya nyumba yake. Akisimama mbele ya kadhi kudai haki, papo hapo anaonekana mtu anayetoa siri nje. Hirsch aliyarekodi mashauri na kuyachambua neno kwa neno, na uchambuzi wake unaonesha jinsi wanawake wanavyopita katikati ya mtego huo: wanavyolalamika bila kuonekana walalamishi, wanavyotaja bila kutaja. Niliposoma kurasa hizo nilimwona mamdogo waziwazi.

Stiles anatufundisha kitu kingine, nacho ni kazi ya makarani. Mtu hafiki kwa kadhi na hadithi yake nzima. Anafika kwanza kwa karani, na karani ndiye anayeigeuza hadithi kuwa madai yanayoeleweka kisheria. Kwa karani inaingia miaka tisa ya maisha. Inatoka karatasi moja. Stiles anamfuatilia pia kadhi mwenyewe, namna anavyopima maandiko pamoja na hali halisi ya watu wa shamba, na anatuonesha mtu anayefikiri, wala si mashine ya kusoma vitabu vya fikihi.

Sasa ugomvi wangu. Vitabu vyote viwili vinamsikiliza kwa makini mwanamke anayesimama mbele ya kiti. Hakuna hata kimoja kinachokaa kwa muda juu ya kiti chenyewe. Kwamba anayekikalia ni mwanamume linachukuliwa kama hali ya hewa: lipo, linaelezwa, tunaendelea. Hirsch anatueleza kwamba mwanamke analazimika kupunguza na kupindisha maneno yake, lakini haulizi sana ingekuwaje kama msikilizaji angekuwa mtu mwingine. Stiles anatuonesha hadithi ikipungua kwa karani, lakini anapima mafanikio ya mahakama kwa kile kilichofika mezani kwa kadhi. Kilichobaki mlangoni hakina daftari.

Najua watanijibu kwamba wao ni watafiti, hawakuja kutuandikia sheria. Ni kweli, na ni heshima kwao kwamba hawakujifanya waokozi. Lakini takwimu ya ushindi ina hatari yake. Tukisema "wanawake wanashinda" na kuishia hapo, tumeshafunga mjadala ambao haujaanza. Katika hesabu hiyo mamdogo ni mshindi. Ukilitafuta jalada lake utakuta mwanamke aliyelalamikia matunzo, akasikilizwa, akapewa haki. Kila kilichoandikwa humo ni kweli. Anayekosekana ni yeye.

Hapa Zanzibar mahakama za kadhi zinashughulikia ndoa, talaka, malezi ya watoto na mirathi ya Waislamu, yaani karibu kila jambo linaloweza kumpeleka mtu wa Uroa mahakamani bila ya kuiba wala kupigana. Sheria iliyokuwa ikiziongoza, Namba 3 ya mwaka 1985, ilibadilishwa na Sheria Namba 9 ya mwaka 2017. Mengi yalijadiliwa wakati ule. Kiti cha kadhi kilibaki kilivyokuwa: hakijawahi kukaliwa na mwanamke.

Kabla ya hapo mwanamke wa Kizanzibari alihukumu kwa njia nyingine. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliimba juu ya Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni kisha akakimbilia Bara, huku wanawake waliokuwa na marehemu wakiishia kuadhibiwa. Kesi ilikwisha mahakamani, lakini mjini haikuisha, kwa sababu wimbo uliifungua upya na kuwauliza wasikilizaji kama ile ilikuwa haki. Walimu wetu wa fasihi huutaja wimbo huo kama mfano wa msanii kuisema serikali. Mimi nauona pia kama hukumu ya rufaa, iliyotolewa na mtu ambaye asingeruhusiwa kutoa hukumu yoyote. Tumekuwa na majaji wanawake muda mrefu. Walihukumu wakiwa na tari na udi.

Filamu iliyonisaidia kuona upande wa pili ni *The Judge* ya Erika Cohn, ya mwaka 2017. Inamfuata Kholoud Al-Faqih, mwanasheria wa Kipalestina aliyeteuliwa mwaka 2009 kuwa kadhi katika mahakama ya sharia ya Ukingo wa Magharibi. Alikwenda kwa kadhi mkuu wa wakati huo, Sheikh Tayseer Al-Tamimi, akiwa na hoja za fikihi mkononi. Sheikh alicheka kwanza, kisha akasikiliza, kisha akamuunga mkono. Filamu ina udhaifu wake. Inampenda mno shujaa wake, na walalamikaji wengine wanapita haraka kama watu wa kwenye dirisha la gari. Lakini kuna kitu inakionesha ambacho hakimo katika vitabu vyangu viwili: mwanamke anaketi mbele ya kadhi mwanamke, na haanzi kwa kutafuta neno la adabu la kufunika neno lenyewe.

Ustadh wangu wa chuoni, niliyemweleza habari za filamu hiyo nilipokwenda kumsalimia, alinijibu kwa utulivu: "Wale wanafuata Imam Abu Hanifa, mwanangu. Sisi ni Mashafii."

Jibu lake ni la kweli na linastahili kuheshimiwa. Wanazuoni wengi wa Kishafii, Kimaliki na Kihanbali wameshurutisha kadhi awe mwanamume. Abu Hanifa aliruhusu mwanamke ahukumu katika mambo ambayo ushahidi wake unakubaliwa. Imam Ibn Jarir At-Tabari anatajwa kuwa aliruhusu katika mambo yote. Hii ni khitilafu ya wanazuoni, ipo vitabuni kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mimi si mtu wa kuitatua.

Lakini nina maswali matatu, na niliyauliza kwa adabu.

La kwanza, Malaysia na Indonesia nazo ni nchi za Kishafii. Indonesia ina majaji wanawake katika mahakama zake za dini kwa miongo mingi, na Malaysia iliwateua wanawake wawili wa kwanza katika mahakama zake za sharia mwaka 2010. Wenzetu wa madhehebu yetu walipata njia. Je, sisi tumeitafuta?

La pili, fikihi yetu wenyewe inakubali kwamba kuna mambo ambayo mwanamke ndiye anayeyajua: uzazi, ubikira, hedhi. Katika hayo ushahidi wa wanawake peke yao unatosha. Hata edda tunaihesabu kwa kauli ya mwanamke mwenyewe. Na mila yetu imekubali hivyo hivyo. Bibi harusi wa pwani anafundishwa unyumba na somo wake, ndani, mlango umefungwa. Basi inakuwaje jambo ambalo tumelikabidhi kwa wanawake tangu mwanzo wa ndoa, siku linapoharibika ndoa liwe halina mwanamke wa kulisikiliza kwa madaraka?

La tatu ndilo zito. Hoja inayomzuia mwanamke kuwa kadhi, kama tungeifuata kwa ukamilifu, ingemzuia pia katika kazi nyingine za kuhukumu na kutawala. Hatukuifuata. Mahakama Kuu ya Zanzibar ina majaji wanawake. Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa kisiwa hiki, ni Rais wa Jamhuri ya Muungano tangu Machi 2021. Tumekubali mwanamke asikilize kesi ya mauaji na awe amiri jeshi mkuu. Kizuizi tumekiacha katika mahakama moja, ile ambayo wengi wa wanaobisha hodi ni wanawake.

Ustadh alinyamaza kidogo, kisha akasema atarudi vitabuni. Nilimshukuru, na nasubiri. Ng'ambo ya bahari, Kenya, Katiba ya mwaka 2010 katika ibara ya 170 inamtaka kadhi awe Muislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu; haitaji jinsia. Maandishi yameacha nafasi wazi. Desturi ndiyo iliyokaa ndani yake.

Nilidhani aliyebaki kushawishiwa ni ustadh. Kumbe ni mamdogo.

Nilimweleza hoja zangu barazani, yeye akifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kadhi mwanamke? Wa wapi? Wa Marumbi? Wa Chwaka? Huyo si atakuwa anamjua shemeji yangu, na Ijumaa tunakutana harusini. Bora mwanamume, akitoka pale hanijui."

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelifikiria sana, kwa sababu linaipiga hoja ya uwakilishi pale inapokuwa dhaifu. Tunapenda kusema kwamba mtu wa aina yako ataielewa hali yako. Lakini mtu wa aina yako anaweza pia kukuhukumu kwa kipimo kikali zaidi kuliko mgeni. Mwanamke aliyevumilia miaka thelathini anaweza kumwona aliyeshindwa miaka tisa kuwa ni mvivu wa ndoa.

Mwaka ule ule wa 2009, Kholoud alipoteuliwa, Sonia Sotomayor aliapishwa kuwa Mlatino wa kwanza kati ya majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Miaka minane nyuma alikuwa ametoa mhadhara Berkeley, akitilia shaka kauli inayosemwa sana, kwamba mzee mwenye hekima na bibi mwenye hekima watafikia uamuzi mmoja. Maneno yake yalimfuata hadi mbele ya maseneta waliomhoji, na ilimbidi ayaeleze upya kwa upole mkubwa. Nadhani ugumu wa pale ni ule ule wa barazani kwetu. Ukisema jaji wa jamii fulani ataamua tofauti, unaambiwa unaleta upendeleo. Ukisema ataamua sawasawa na wengine, unaulizwa: basi kwa nini tumtafute?

Jibu langu sasa ni hili. Sidai kadhi mwanamke kwa sababu atakuwa mpole zaidi. Wala sidai kwamba wanawake watashinda zaidi, maana Hirsch na Stiles wameshatuonesha kwamba wanashinda. Nadai kwa sababu ya kile kinachotokea kabla ya hukumu. Mtu hupima maneno yake kwa kumtazama atakayeyasikia. Mahakama yenye wasikilizaji wa aina moja tu inapokea hadithi za aina moja tu, kisha inaziandika, kisha mtafiti anakuja kuzisoma na kusema wanawake wa Unguja wanalalamikia matunzo. Mamdogo ana haki ya kumtaka kadhi mwanamume. Lakini kuchagua kunahitaji viwe viwili.

Wala hatuanzi na ukurasa mtupu. Yule karani aliyemsikiliza mamdogo kwa nusu saa alikuwa anafanya kazi ya kisheria, ingawa haikuwa na jina wala madaraka. Alisikia kila kitu, akaamua kipi kiandikwe na kipi kisiandikwe. Basi mwanamke yupo mahakamani tayari. Ila amewekwa mlangoni, na sikio lake halina nguvu ya kuamua. Tunaweza kuanza na pale palipo na khitilafu ndogo: wasichana wanaosoma sharia wapewe kazi za usuluhishi na ushauri ndani ya mahakama hizi, mlalamikaji aulizwe angependa nani amsikilize katika hatua ya mwanzo, na wanazuoni wetu wakae waandike, kwa hoja, msimamo wa Zanzibar juu ya kiti chenyewe. Hata wakikataa, tutakuwa tumepata jibu lenye dalili, na dalili inaweza kujadiliwa. Mazoea hayajadiliki.

Kila ninapofika hapa namkumbuka Khaula bint Thaalaba, aliyekwenda kwa Mtume kumlalamikia mumewe, na Sura ya 58 ikateremka kwa sababu ya shauri lake. Inapokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba alikuwemo ndani ya nyumba ile, pembeni, akisikia baadhi ya maneno na mengine hayamfikii. Sijui fikihi ya kutosha kutoa hukumu yoyote kutokana na kisa hicho. Najua tu kwamba mwanamke aliyeleta malalamiko yale alikuta mwanamke mwenzake ndani.

Wiki iliyopita nilikwenda Uroa na makala hii ikiwa kwenye simu. Maji yalikuwa yamekupwa, lakini mamdogo hakushuka pwani, mgongo ulikuwa unamuuma. Nilimsomea yote, pamoja na alichosema juu ya kadhi wa Marumbi. Alicheka hapo. Palipotajwa gari na Dunga alinyamaza. Nilipomaliza alinitaka nifute sentensi mbili.

Nimezifuta.